Mshika Ufunguo

Asubuhi ile ya Jumanne Matinde Nyamhanga alishindwa kukaa. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi kwenye kiti, akakalia ukingo tu, akasimama tena, mpaka wenzake wa chumba cha waandishi wa sheria wakaanza kukonyezana. Kazi ya mwandishi wa sheria ni kukaa. Matinde alikuwa amekaa miaka kumi na minne katika jengo hilo la Bunge la Shirikisho, Musoma, akiwaandikia waheshimiwa sheria ambazo wengi wao huzisoma kwa mara ya kwanza siku ya kuzipigia kura, na hakuna aliyewahi kumwona akihangaika hivyo kwa ajili ya karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilisema kwamba watu wazima wawili, wawe mwanamume na mwanamke, wanawake wawili au wanaume wawili, wakitaka kuoana Msajili awaandikishe. Ya pili ilisema ufunguo wa kufuli urudi kwa mwenye mwili.

Alijipapasa chini ya mkono wa kushoto, lilipokuwa kufuli lake, gumu na dogo kama punje ya mtama. Kila msichana hutiwa la kwake afikapo miaka kumi na miwili, na hashiki mimba mpaka lifunguliwe. Jambo hili lilianza katika ile miaka ya njaa, watoto walipokuwa wakizaliwa na kuzikwa mwezi huohuo, na wakubwa wakasema ni la muda. Miaka hamsini na mitano imepita, na muda huo haujaisha. Mwanamke mwenyewe hata atake vipi, kufuli lake halifunguki wala halifungiki. Husubiri kidole gumba cha mshika ufunguo kwenye mashine ya Msajili, na mshika ufunguo ni mume aliyeandikishwa. Asiye na mume hana ufunguo. Na siku anapotimiza miaka arobaini, kufuli hujifunga moja kwa moja, na hapo kidole cha nani tena!

Sekela, mwalimu wa hesabu aliyekaa na Matinde nyumba moja kwa miaka minane, alikuwa amebakiza siku thelathini na sita afikishe arobaini. Sekela alitaka mtoto. Alimtaka waziwazi, bila kuona haya, kama mtu anavyotaka maji.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Mheshimiwa Kisyeri Magoiga, mwenyekiti wa kamati, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuomba radhi.

"Dada Matinde, umetuokoa," alisema, akavuta kiti ambacho Matinde hakukitaka. "Nina kura saba kati ya tisa. Saba! Wiki iliyopita nilikuwa na tatu, mojawapo yangu mwenyewe."

"Kwa sababu ya ile nyumba ntobhu?"

"Kwa sababu ya hiyohiyo. Wamekosa pa kushika. Watasemaje ndoa ya wanawake wawili imetoka ng'ambo, na bibi zao wameoana huko Tarime tangu enzi za mababu?"

Wazo lilikuwa la Matinde, na alikuwa amejipongeza nalo mwezi mzima. Kwa Wakurya, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume huweza kumwoa mwanamke mwenzake. Humlipia mahari, humkaribisha nyumbani, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba ile. Mila hiyo, nyumba ntobhu, ilikuwa tayari imeandikwa katika Jedwali la Mila, nyuma kabisa ya kitabu cha sheria. Matinde alichofanya ni kuandika mstari mmoja tu, kwamba ndoa yoyote mpya ifuate taratibu za nyumba ntobhu kama zilivyo katika Jedwali. Aliona ni mstari mtamu. Hata Mpima, mashine inayokagua miswada na kubashiri itakavyowagusa watu, iliupitisha kwa sekunde mbili. Iliandika kwamba tangu mila ile isajiliwe, malalamiko ni sifuri.

"Sasa ile sehemu ya pili tunaiondoa," Magoiga alisema.

"Ya ufunguo? Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe mwenyewe umeshaijibu. Umesema tufuate Jedwali. Hebu soma kifungu cha nne."

Matinde akasoma, akiwa amesimama. *Katika nyumba ntobhu, mwenye nyumba ndiye mshika ufunguo wa mkewe.*

Alihisi masikio yanapata moto. Alikuwa hajakisoma. Yeye, anayewasomesha vijana wapya wasiache hata nukta bila kuikagua, hakukisoma, kwa sababu alizaliwa katika nyumba kama ile na kukulia humo. Nani huomba kuelekezwa njia ya kwao? Wanasheria kumi kutoka Kigoma au Bukoba wangelifungua Jedwali na kulisoma mara tatu. Mkurya wa nyumba ntobhu alipita juujuu, akiamini anaijua nyumba.

"Kwa hiyo kila ndoa itakuwa na mwenye nyumba," alisema polepole, "na wanawake wote watabaki walivyo, funguo zao mikononi mwa wengine."

"Kwa sasa. Tupate ndoa kwanza, ufunguo tutaudai baadaye."

"Kufuli nalo lilikuwa la kwa sasa, Mheshimiwa."

Magoiga akashusha pumzi. "Sikiliza. Mwanangu anakaa na mwenzake kule Bunda mwaka wa sita huu. Mwenzake akilazwa hospitali, mwanangu anaambiwa asubiri nje na wauza karanga. Kuondoa sehemu hakuhesabiwi kuwa ni kubadili, lakini ukitaka ufunguo ubaki itabidi ulitoe Jedwali, na hapo muswada utakuwa umebadilika, na uliobadilika lazima ulale siku tisini katika Gazeti la Serikali kabla haujaguswa. Na baada ya hizo tisini sijui kama nitakuwa na kura saba au mbili. Ijumaa saa nne tunakaa. Nisainie hati ya mwandishi, dada yangu. Bila sahihi yako hausomwi."

Alipotoka, Matinde alikaa. Akahesabu, na hesabu haikuhitaji mwalimu. Tisini, na Sekela ana thelathini na sita.

*

Sekela alikuwa amesharudi kutoka shuleni, jua bado kali, madaftari ya kidato cha pili yametapakaa mezani. Alimrukia mlangoni.

"Mati! Wanasema redioni kura ni saba! Kweli?"

"Kweli. Za ndoa."

"Na ufunguo?"

"Bado wanazungumza."

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa kumeza kama kidonge, na Matinde akaumeza. Sekela alikuwa ameshaanza kupanga. Ijumaa kamati, Jumatatu Bunge, Jumatano sahihi ya Rais, Alhamisi wawe wa kwanza mlangoni kwa Msajili. Dada yake kule Tukuyu ameshaweka kitenge cha kumbebea mtoto. Wataalamu wa kliniki wamesema mayai yake ni mazima, kinachozuia ni kufuli tu.

Matinde alimsikiliza huku akipanga vijiko vilivyokwisha kupangwa. Hati ya nyumba ile ilikuwa na jina lake. Muswada ukipita kama Magoiga anavyoutaka, yeye ndiye atakayekuwa mwenye nyumba, na ufunguo wa Sekela utakuwa gumba lake. Kuna ubaya gani? Sekela akisema fungua, atafungua. Akisema funga, atafunga. Hatamnyima kamwe, hatamlazimisha kamwe. Alijiambia hivyo mara tatu, na kila mara sauti ya ndani ilizidi kutetemeka, maana alijua kuna mwanamke mwingine aliyewahi kujiambia hayohayo, na mwanamke huyo Matinde alikuwa akimwita Bibi.

Alipaswa kusema palepale, kati ya sahani na vijiko. Hakusema. Aliogopa. Hakuogopa hasira za Sekela, hizo amezizoea. Aliogopa Sekela asije akasema ndiyo, halafu yeye akose nguvu ya kukataa.

"Mbona vijiko vinakukosea leo?" Sekela akamtania.

"Alhamisi nakwenda nyumbani mara moja," Matinde akajibu. "Kumwona mama."

*

Treni ya umeme ilimfikisha Tarime kabla chai haijapoa kwenye chupa, na saa tatu asubuhi alikuwa Nyamwaga, uani kwao. Mama yake, Nyangi, alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni akimwosha miguu Bibi Wankuru, kama alivyofanya kila asubuhi tangu Bibi apofuke. Nyangi alipoinuka kumpokea mwanawe alichechemea. Matinde hakuwahi kumwona akitembea vinginevyo.

Bibi Wankuru ndiye aliyemwoa Nyangi. Nyangi alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, na Bibi akamwita mokamona, yaani mke wa mwana, ingawa mwana mwenyewe hakuwahi kuzaliwa. Katika nyumba ile walilelewa Matinde, dada yake, na mdogo wao wa kiume. Njaa hawakuijua, wala kupigwa. Matinde alikuwa akiisimulia nyumba ile ofisini kwa kujisifu.

"Mama, nina swali la kazini," alisema baada ya salamu na uji. "Bibi alipokuwa akienda kwa Msajili kukufungua, mlikuwa mnapanga pamoja?"

Nyangi aliendelea kukausha vidole vya mwenzake, kimoja kimoja. "Kupanga?"

"Alikuwa anakuuliza?"

"Mwanangu, nani alikuwa anauliza? Asubuhi anavaa kitenge cha safari, jioni naambiwa mambo tayari. Mara tatu. Wewe ulikuwa wa pili." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya mahindi. "Ila nilimwomba mara moja. Ulipozaliwa damu ilinitoka siku tatu. Mkunga akasema nikizaa tena nyonga itaharibika. Nikamwomba anifunge."

"Akasemaje?"

"Akasema bado hatujapata mvulana." Nyangi akapiga paja lake bovu kidogo. "Mvulana tukampata."

Matinde alitazama chini. Miaka arobaini na moja ameishi, na hakuwahi kuuliza mguu ule ulipatwa na nini. Alikuwa akifikiri mama yake alizaliwa nao.

"Na bado unamwosha," alisema, na sauti ikamtoka kwa ukali kuliko alivyotaka.

"Nampenda. Ni mtu wangu. Tumezeeka pamoja, sasa nimwache na vumbi miguuni?" Nyangi alimshangaa kweli. "Umeniuliza kama aliniuliza. Nimekujibu. Hayo ya kumpenda hukuyauliza."

Ndipo Matinde akaeleza yote, muswada, kifungu cha nne, siku tisini. Alieleza pia kuwa ipo kanuni ya zamani. Mila ikitumiwa katika sheria mpya, shahidi aliyeishi ndani ya mila hiyo husimama mbele ya kamati aseme ilivyo, na jina la shahidi huandikwa na mwandishi wa sheria. Siku zote huitwa wazee wa ukoo, wanaume, wanaokula posho na kusema mambo ni mazuri.

"Nataka niandike jina lako, mama. Useme hivyohivyo ulivyoniambia."

"Mbele ya watu? Na huyu yupo hai, ananisikia?"

Bibi Wankuru, mikono imelala mapajani, akainua uso.

"Andika mawili," alisema. "Na mimi nakuja. Sijapanda hilo treni lenu hata siku moja."

*

Ijumaa saa nne ukumbi wa kamati ulijaa, na kamera za luninga zilikuwepo. Magoiga alipoona majina mawili ya kike kwenye karatasi ya mashahidi alimtupia Matinde jicho, lakini kanuni ni kanuni. Pengine hata alifurahi. Bibi mzee wa nyumba ntobhu, mwenye shanga na kitenge kipya, ungetaka nini zaidi?

Nyangi alisema kwanza, kwa kifupi. Alifunguliwa mara tatu, hakuulizwa hata moja. Aliomba kufungwa mara moja, akanyimwa. Mjumbe mmoja akauliza kama haya si mambo ya mtu mmoja tu, maana ripoti ya Mpima inaonyesha malalamiko sifuri kwa miaka yote hiyo. Nyangi akamtazama, akakaa.

Kisha Wankuru akaongozwa mbele. Magoiga alimsalimia kwa heshima zote, akamuuliza kwa upole kama mtu anayemmenyea mzee chungwa.

"Mama yetu, nyumba yako ilikuwa na amani?"

"Ilikuwa na amani."

"Mlipendana na mkamwana wako?"

"Hata leo ndiye aliyenivisha hiki kitenge."

Wajumbe wakatabasamu. Magoiga akajipa moyo. "Na katika miaka yote hiyo, mama, alilalamika?"

"Alilalamika."

"Mbona mashine haina malalamiko hata moja?"

"Malalamiko hupitia mashine ya Msajili, nayo inamsikiliza mshika ufunguo tu. Mshika ufunguo nilikuwa mimi. Angelalamika kwa nani?" Bibi akaligeuza gumba lake la kulia, jembamba, limekunjamana, akalielekeza kule sauti ya Magoiga ilikotoka. "Alilalamika kwangu. Nilimsikia vizuri, masikio yangu yalikuwa mazima. Nilimpenda kuliko dada zangu, na nilitaka mvulana, na kidole kilikuwa changu. Mkinipa tena kidole na miaka ile, sijui kama ningefanya tofauti. Ndiyo maana nimekuja."

Hakuna aliyetabasamu tena. Matinde, kwenye kiti cha mwandishi, alijikuta analia waziwazi mbele ya kamera, na hakuona sababu ya kujificha. Alipotakiwa kuleta hati yake alisimama, akasema hawezi kusaini muswada wenye kifungu cha nne, na kwamba ameandaa mwingine, ndoa kama ilivyo na ufunguo kwa mwenye mwili, bila Jedwali. Uchaguzi ni wa waheshimiwa.

Kura zikagawanyika nne kwa nne. Ilibaki ya mwenyekiti. Magoiga alizungusha kofia ya kalamu, na Matinde alijua anamfikiria mwanawe, yule wa kusubiri nje na wauza karanga. Mwishowe akainua mkono upande wa muswada mpya.

"Utalala siku tisini," alisema bila kumtazama mtu. "Baada ya hapo tutapigana."

Watu kwenye viti vya wageni wakashangilia. Wanawake wengine walikumbatiana. Msichana wa shule ambaye Matinde hakumjua alikuja kumshika mkono.

*

Aliwasindikiza wazee wake stesheni, kisha akaenda nyumbani kwa miguu. Alitembea haraka, akapunguza mwendo, akapitiliza kona ya kwao, akarudi. Saa tisa alasiri akafungua mlango.

Luninga ilikuwa imezimwa. Sekela alikuwa anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu mkononi.

"Nimeangalia yote," alisema. "Bibi yako ni mtu na nusu. Na mama. Nimelia."

"Sekela—"

"Siku tisini. Mimi nina thelathini na tatu."

"Najua."

"Ulijua lini?"

Matinde alivua viatu, akavipanga, akavipanga tena. "Jumanne."

"Leo Ijumaa," alisema mwalimu wa hesabu.

Matinde akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kazi yake ni hiyo. Wanawake milioni nne na funguo zao. Sheria zikishaingia haziondoki. Kifungu cha nne. Mguu wa mama yake. Alivyowaza kuwa mshika ufunguo mwema, na jinsi wazo lile lilivyomtia hofu. Sekela alimwacha aseme mpaka mwisho, hakumkatiza hata neno.

"Sikatai," Sekela akasema. "Pengine umefanya lililo sawa. Wasichana wangu wa kidato cha pili kumi na saba wana makufuli, nawajua kwa majina. Sitakwambia ulikosea kamatini." Akafunika kalamu. "Nakuuliza kitu kimoja. Kati ya Jumanne na leo tumekula pamoja mara ngapi?"

Matinde akasogeza kiatu kimoja, kikalingana na kingine.

"Tumelala kitanda kimoja usiku tatu. Nimekusimulia habari za kitenge cha dada yangu. Ulikuwa unaniangalia tu."

"Niliogopa ungesema ndiyo."

"Kwa hiyo ukaamua." Macho ya Sekela yalijaa, lakini sauti ilibaki ileile ya darasani. "Bibi yako, kunifungia, angehitaji kusafiri hadi kwa Msajili na kuweka kidole kwenye mashine. Wewe hukuhitaji hata mashine, Mati."

Matinde alikaa sakafuni, palepale karibu na viatu. Tangu Jumanne alikuwa hatulii, na sasa alikuwa amekaa. Alitaka kusema samahani na neno likaonekana dogo mno, la mtu aliyemkanyaga mwenzake sokoni. Likabaki swali, lile ambalo lingemgharimu dakika moja tu, siku ile, kati ya sahani na vijiko.

"Ungesema nini?" aliuliza. "Kama ningekuuliza, Sekela, ungesema nini?"

Sekela alivuta daftari jingine, akalifungua, akatafuta ukurasa.

"Jumanne ningekujibu," alisema.